"Tumbo la ukoo": bakteria wa tumboni wanarithiwa kwa damu au kwa nyumba?

MhudumuTandahimba

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Naomba msaada wa wenye ujuzi wa maabara na vinasaba. Kuna kaya moja huku Tandahimba ninayoitembelea kama mhudumu ngazi ya jamii. Mama, mumewe na watoto watatu wanaoishi nao wana shida ileile: tumbo kujaa gesi, choo laini kinachoelea, harufu ya yai viza. Kinatulia siku kadhaa, kisha kinarudi. Wakinywa maziwa ndiyo balaa kabisa. Watoto wao wengine wawili, baba mmoja mama mmoja na hawa, wanalelewa na bibi yao Mtwara mjini tangu wadogo, na hawana tatizo lolote.

Bibi na mjomba wameshahukumu: hilo ni tumbo la ukoo, hata mama mkubwa alikuwa nalo. Na kuna mwezeshaji wa semina aliyesema bakteria wa tumboni "wanarithiwa", basi sasa wananiambia hata wataalamu wanakubaliana nao.

Ninachotaka kujua: ni kweli wanarithiwa, na kwa jeni zipi? Kwa nini ndugu wa tumbo moja watofautiane hivi? Na kaya hii nianzie wapi? Maji wanatumia ya kisima cha kuvuna mvua, kama nyumba nyingi za huku juu.

Darubini_Lindi

Ndugu mhudumu, jibu la kaya yako umeliandika mwenyewe: mume. Hana damu ya ukoo huo na anaumwa. Watoto wawili wana damu hiyo na hawaumwi. Ugonjwa unafuata nyumba.

Kwa dalili ulizotaja, cha kwanza kutafuta ni giardia, kimelea kidogo cha utumbo. Wote watano wapimwe choo, hata ambaye wiki hii yuko vizuri. Vimelea hawa hawatoki kila siku, kwa hiyo kipimo kimoja kikisema "hakuna" bado hujamaliza. Peleka sampuli tatu za siku tofauti ndani ya siku kama kumi. Choo laini kifike kwenye darubini ndani ya nusu saa, maana giardia walio hai na wanaotembea hufa haraka nje ya mwili. Kinachodumu ni vifuko vyake, vinavyoonekana vizuri kwa matone ya iodini. Hapa ndipo vipimo vingi vya vijijini huharibika: choo kinatolewa saa kumi na mbili asubuhi, kinapanda bodaboda, kinasomwa saa sita mchana, majibu yanakuja safi, na familia inarudi kwenye "ukoo".

Wakikutwa nacho, dawa waandikiwe kituoni kwa uzito wa kila mmoja, na wote wanaokutwa nacho watibiwe kwa wakati mmoja. Ukimtibu mama peke yake, watoto watamrudishia.

Maji: giardia anavumilia klorini kuliko bakteria wa kipindupindu, hasa maji yakiwa na tope. Kidonge cha klorini kwa kipimo cha kawaida usikitegemee peke yake. Chuja kwa kitambaa, chemsha mpaka yatokote kwelikweli dakika moja, yapoze yakiwa yamefunikwa. Kagua pia paa na mfereji unaoingiza maji kisimani, maana kinyesi cha wanyama na uchafu wa paa huingia na mvua ya kwanza. Mvua za mwanzo wa msimu zimwagwe nje kabla ya kuelekeza bomba kisimani. Na chombo cha kuchotea kiwe na mpini mrefu, kisiwe kikombe ambacho kila mkono wa mtoto unazama nacho.

Kuhusu maziwa: giardia anakaa utumbo mwembamba na kuharibu ukuta unaotengeneza kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, laktosi. Mtu anaanza kukataa maziwa kwa sababu ya ugonjwa, na familia inaona ni asili. Baada ya tiba ukuta huo hujijenga upya kwa wiki kadhaa. Usimwandike mtu kuwa "hapatani na maziwa" kabla ya hapo.

Mikindani_Vinasaba

Darubini kamaliza ya kaya. Mimi nichukue swali la urithi, kwa sababu mwezeshaji hakudanganya ila kaliacha neno likiwa pana mno.

Tenganisha vitu vitatu vinavyopita ndani ya familia: jeni, bakteria wenyewe, na mazingira (chungu, maji, choo, dawa). Mtoto anapata vyote vitatu kutoka kwa watu walewale, ndiyo maana macho matupu hayawezi kuvitofautisha.

Njia ya kawaida ya kuvitenganisha ni mapacha. Mapacha wa kufanana wana jeni zilezile; wasiofanana wanashiriki nusu kwa wastani; wote wamekua nyumba moja. Unapima kufanana kwa bakteria fulani katika kila kundi, unatoa, unazidisha kwa mbili. Mfano wa hesabu tu: wanaofanana wakilingana kwa 0.5 na wasiofanana kwa 0.4, tofauti ni 0.1, na sehemu ya jeni ni 0.2. Iliyobaki kwenye ile 0.5, yaani 0.3, ni ya nyumba. Tazama hapo, nyumba imeshinda jeni ingawa mapacha wa kufanana wanalingana zaidi. Watu wengi wanaishia kwenye ile 0.5 na kutangaza "wanarithiwa".

Kwa kazi halisi: mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa mapacha jozi 416 wa Uingereza, zaidi ya sampuli 1,000 za choo. Kundi lililoonekana kufuata jeni kuliko yote ni familia ya bakteria iitwayo Christensenellaceae, ambayo pia iko kwa wingi kwa watu wembamba. Makundi mengine mengi hayakuonyesha urithi wa maana. Mwaka 2018 timu ya Israel ikachambua watu 1,046 wa asili tofauti wanaoishi nchi moja. Asili ya mtu haikutabiri bakteria wake. Lakini watu wasio na undugu wanaoishi nyumba moja walifanana. Walipozipitia data za mapacha wa Uingereza, makadirio yao ya urithi wa jumla yalikuwa kati ya asilimia 2 na 8 hivi, wakati chakula, dawa na vipimo vya mwili vilihusiana na zaidi ya asilimia 20 ya tofauti kati ya mtu na mtu.

Sasa jeni ambazo kweli zina mkono. Nitazitaja tatu, kwa sababu hizo ndizo njia yake inaeleweka.

LCT, jeni ya kimeng'enya cha laktosi. Kwa watu wazima wengi duniani jeni hii hupunguza kazi baada ya utoto. Wenye mabadiliko fulani jirani na jeni hiyo huendelea kuvunja laktosi maisha yote. Mabadiliko hayo yalitokea Ulaya, na kwa njia yake yenyewe miongoni mwa wafugaji wa Tanzania na Kenya, kama ilivyochapishwa 2007. Asiyekuwa nayo akinywa maziwa, laktosi inafika utumbo mpana ikiwa nzima, na bifidobakteria wanaila na kuongezeka. Asiyekunywa maziwa, jeni ileile haionekani kabisa kwenye bakteria wake. Jeni inahitaji kikombe ili isikike. Huku kusini, ambako wenyeji wengi hawakuwa wafugaji wa ng'ombe, ukipima watu wasiogusa maziwa unaweza kusema LCT haina kazi. Wapime wale wanaonunua kila siku kwa wafugaji waliohamia Lindi, picha inaweza kuwa nyingine.

FUT2 inaamua kama utaweka sukari za kundi lako la damu kwenye ute wa utumbo, mate na maziwa ya mama. Takribani mtu mmoja kati ya watano hana toleo linalofanya kazi. Ute ni chakula cha bakteria, kwa hiyo anayeweka sukari hizo na asiyeweka wanalisha wageni tofauti.

AMY1, kimeng'enya cha mate cha kuvunja wanga. Watu wanatofautiana kwa idadi ya nakala, wengine mbili, wengine zaidi ya kumi. Utafiti wa 2019 ulionyesha wenye nakala nyingi wana zaidi ya bakteria wanaokula wanga mgumu unaofika utumbo mpana. Kwa watu wa ugali wa muhogo na makopa jeni hii inanivutia kuliko zile mbili, ila kwa bahati mbaya tafiti kubwa za jeni na bakteria zimelemea Ulaya.

Nachingwea_Mbishi

Mkuu Mikindani, heshima kwako, lakini hiyo asilimia 2 hadi 8 watu wataibeba vibaya. Kuna kazi ya nyani wa Amboseli, Kenya, 2021. Asilimia 97 ya sifa za bakteria walizopima zilirithika. Utasemaje?

Mikindani_Vinasaba

Hoja nzuri, na namba hizo hazigombani. Asilimia 97 inahesabu ni sifa ngapi zilikuwa na urithi *wowote* unaopimika. Ukubwa wa urithi kwa kila sifa bado ulikuwa mdogo kwa nyingi. Ni sawa na kusema karibu kila mtu kijijini ana korosho. Hujasema ana magunia mangapi.

Kwa nini waliuona urithi huo wakati wengine hawakuuona? Sampuli 16,234 kutoka nyani 585 kwa miaka 14. Bakteria wa tumboni hubadilika kwa chakula cha wiki. Ukichukua choo cha mtu mara moja, umepiga picha moja ya kitu kinachosogea, na sehemu ya jeni inazama kwenye kelele. Ukirudia mnyama yuleyule miaka mingi, inajitokeza. Na wakakuta jambo lenye faida kwetu: urithi ulikuwa mkubwa zaidi kiangazi, chakula kilipokuwa cha aina chache, na kwa nyani wazee. Yaani kiasi cha urithi hakikai kimoja. Wote wakila kitu kimoja, tofauti inayobaki kati yao ni ya jeni zaidi. Vyakula vikiwa vingi, jeni inafunikwa.

Watu nao hubadilika kwa msimu. Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi walionekana, kwenye utafiti wa 2017, kupoteza baadhi ya makundi ya bakteria msimu mmoja na kuyapata tena msimu uliofuata, kadiri asali, matunda, nyama na mizizi inavyopishana. Damu yao haikubadilika Januari hadi Julai.

Mkunga_Kilwa

Naongeza upande wa mama na mtoto, kwa kuwa ndipo "kurithi" kunakofanana zaidi na neno lenyewe.

Kazi kubwa iliyochapishwa 2023, sampuli zaidi ya 9,000 za choo na mate, ilifuatilia ukoo wa kila bakteria, yaani siyo tu kwamba mama na mtoto wote wana *E. coli*, bali kama ni *E. coli* yuleyule. Kati ya aina ambazo mama na mtoto mchanga wote wanazo, karibu nusu zilikuwa za ukoo mmoja. Watu wanaoishi pamoja walishirikiana karibu asilimia 12 kwa bakteria wa utumbo na 32 kwa wa mdomoni. Muda tangu watu waache kuishi pamoja ulikuwa na nguvu kuliko umri au jeni. Hapo ndipo watoto wa bibi wanapoingia: walianza na bakteria wa mama, kisha chungu cha bibi, mkono wa bibi na watoto wa jirani vikaongeza vyao.

Huku kwetu ukoo unahesabiwa upande wa mama, kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, kwa hiyo mtu akisikia kwamba bakteria wa mwanzo hutoka kwa mama anatikisa kichwa kwa kuridhika. Sawa, lakini wanapita kwa choo, ngozi na ziwa, hawapiti kwenye damu. Bibi akimlea mtoto wa jirani tangu mchanga naye atampa wake.

Mambo yanayobadilisha mwanzo huo:

Upasuaji wa kujifungua. Watoto hawa hukosa au huchelewa kupata kundi la Bacteroides kutoka utumbo wa mama. Wengi hukaribiana na wenzao kadiri miezi inavyokwenda, na kunyonya kunasaidia. Tafadhali msimpake mtoto majimaji ya ukeni nyumbani. Hayo hufanyika kwenye utafiti tu, mama akiwa amepimwa maambukizi kwanza.

Kunyonya. Maziwa ya mama yana sukari maalumu, gramu 5 hadi 15 kwa lita, ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Zinalisha bifidobakteria wake. Mama ambaye FUT2 yake haifanyi kazi hana mojawapo kubwa ya sukari hizo, na bifidobakteria wa mtoto wanaweza kuchelewa kidogo. Anazo nyingine. Maziwa yake yanatosha na asiambiwe ni mepesi. Anyonyeshe ndani ya saa ya kwanza, dang'a isikamuliwe ikamwagwa, na kwa miezi sita asipewe maji, uji wala dawa za mizizi. Ule uji wa mwezi wa tatu unaoitwa "wa kumshibisha" unaingiza wanga na vijidudu vya kisima kabla utumbo haujawa tayari.

Antibiotiki zinazonunuliwa duka la dawa bila cheti kila mtoto akiharisha. Miaka mitatu ya kwanza ndiyo bakteria wa mtoto wanaelekea kufanana na wa mtu mzima, na kila dozi isiyo ya lazima inairudisha nyuma safari hiyo. Kwa kuhara maji kwa kawaida mtoto anahitaji chumvichumvi ya kuongeza maji, zinki kwa siku 10 hadi 14, na kuendelea kunyonya. Ukiona damu kwenye choo chake, hiyo ni ya kituoni.

Darubini_Lindi

Mama mkunga umenikumbusha jingine linaloitwa la ukoo: vidonda vya tumbo. *H. pylori*, bakteria anayesababisha vingi vya vidonda hivyo, huambukizwa zaidi utotoni ndani ya nyumba, na mara nyingi mama na watoto hukutwa na ukoo uleule wa bakteria. Kipimo cha kingamwili cha damu hakifai kuangalia kama mtu amepona, maana kingamwili hubaki muda mrefu bakteria wakiwa wameshaisha. Kiulizeni kile cha antijeni kwenye choo, kinachotafuta chembe za bakteria wenyewe. Mgonjwa awe ameacha omeprazole (dawa ya kupunguza asidi ya tumbo) wiki mbili na antibiotiki wiki nne kabla ya kupima. Asipoacha, bakteria hupungua kiasi cha kutoonekana na kipimo kinadanganya.

MhudumuTandahimba

Ahsanteni sana wakuu. Nimeelewa kuhusu mume. Mjomba nitamweleza hivyohivyo, ataelewa. Swali moja: wakishatibiwa na wiki zikapita, nitajuaje kama kuna mtu ambaye kweli maziwa hayamfai kwa asili, bila mashine?

Mikindani_Vinasaba

Kwa mtu mzima au mtoto mkubwa aliye mzima wa afya, hivi: aache maziwa yote wiki mbili, pamoja na chai ya maziwa. Dalili zikibaki vilevile, maziwa hayakuwa kosa, acha hapo. Zikiisha, asubuhi kabla ya kula anywe maziwa yaliyochemshwa na kupozwa mililita 250, ambayo ni karibu gramu 12 za laktosi. Asiongeze sukari wala mkate, maana chakula huchelewesha na kuficha majibu. Aandike gesi, tumbo kunguruma, choo kwa saa sita. Arudie siku nyingine, na siku ya tatu mpe kiasi hichohicho cha maziwa mgando bila kumsisitizia lipi linatarajiwa, kwa sababu hofu nayo huleta gesi.

Wengi wasio na kimeng'enya huvumilia gramu 12 wakinywa mara moja, hasa pamoja na chakula. Kwa hiyo anayelipuka kwa vijiko viwili vya maziwa kwenye chai, mtafutie sababu nyingine. Na anayetaka kuendelea kunywa, aanze na nusu kikombe kila siku pamoja na chakula na kupandisha taratibu kwa wiki mbili tatu. Bakteria wa utumbo mpana huzoea na gesi hupungua. Jeni yake ni ileile, wamebadilika walaji.

Mtoto mchanga usimfanyie jaribio hili. Na mtu anayepungua uzito au kutoa damu asisubiri wiki mbili za mtu yeyote.

Mwanachuo_Masasi

Samahanini wakubwa, naingilia. Tunafikiria mradi wa chuo kulinganisha bakteria wa kaya chache hapa Masasi. Tukichukua mama na watoto nyumba ishirini inatosha?

Mikindani_Vinasaba

Mama na watoto wa nyumba moja peke yao watakupa jibu ambalo hulijui ni la nini. Unahitaji jozi zinazovunja mchanganyiko: mume na mke (nyumba moja, damu mbalimbali), na ndugu wanaolelewa tofauti, mmoja kwa wazazi na mmoja kwa bibi (damu moja, nyumba mbili). Huku kusini hao wa pili hawana shida kupatikana, ni hazina ambayo watafiti wa Ulaya wanaitafuta kwa tochi. Weka na jozi za watu wasiohusiana kabisa wa kijiji kilekile kama msingi wa kulinganisha.

Kabla ya yote, kibali cha maadili, na ridhaa ya kila mtu. Kwa watoto, ya mzazi au mlezi. Usianze kukusanya ukisubiri kibali.

Sampuli: kama huna friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri, tumia ethanoli ya asilimia 95. Choo kiasi cha punje ya harage kwenye mililita 3, tikisa mpaka kivunjike, funga kwa kizibo chenye pete. Spiriti ya asilimia 70 ya duka la dawa haihifadhi vizuri, na hilo ndilo kosa ninaloliona zaidi. Choo kisichohifadhiwa, kwa joto la Masasi la mchana, kitaota *E. coli* wa kutosha kukuonyesha kwamba kaya zote zinafanana. Usichukue kutoka sakafu ya choo. Mpe mtu karatasi ya kukingia na kijiko. Weka vichupa viwili vyenye ethanoli tupu na uvipitishe kila hatua. Bakteria utakaowakuta humo wametoka kwenye vifaa vyako.

Dodoso liwe na antibiotiki miezi mitatu iliyopita, dawa za minyoo, chanzo cha maji, nani anampikia mtoto, na tarehe ya kuhamia nyumba hiyo. Chukua angalau mara mbili, masika na kiangazi, mtu yuleyule. Ukilazimika kuchagua, bora kaya kumi mara mbili kuliko ishirini mara moja. Na kwenye kichupa andika namba kwa penseli kwenye lebo. Wino wa kalamu unafutika ethanoli ikivuja.